Folda Isiyo na Mtetezi

Maji yalikuwa yameshakaushwa, lakini chumba cha seva bado kilinuka kama nguo iliyokunjwa kabla haijakauka. Inspekta alipanda juu ya kigoda, akamulika dari kwa tochi ya simu, akalitazama doa lililokuwa chini ya kiyoyozi. Halikuwa doa moja. Lilikuwa duara ndani ya duara, la nje limefifia kabisa, la ndani bado lina rangi ya chai.

"Hiki kiyoyozi kinavuja tangu lini?"

"Tangu nimeajiriwa, afande," alijibu Fundi, kijana mwembamba aliyekuwa peke yake katika idara nzima ya kompyuta ya kituo cha simu za dharura. "Nimeandika barua mpaka nimechoka. Wakaniambia weka ndoo. Nikaweka ndoo. Mwisho wa wiki ile ndoo ikajaa, hakukuwa na mtu wa kuimwaga, maji yakaingia kwenye seva."

"Kwa hiyo hakuna aliyeimwagia seva maji kusudi."

"Wa kuimwagia atoke wapi? Humu naingia mimi tu. Hata mfagizi anaishia mlangoni."

Inspekta alishuka taratibu, mkono mmoja ukutani. Alikuwa mama mtu mzima aliyebakiza muda mfupi kustaafu, na nyuma ya mgongo wake vijana wa kituoni walimwita Kobe. Alilijua jina hilo na halikumsumbua. Kilichomsumbua ni jalada alilolibeba kwapani, ambamo mwenzake aliyemtangulia alikuwa ameshaandika kwamba seva iliharibiwa makusudi ili kuficha ushahidi. Doa la duara ndani ya duara haliwekwi na mtu kwa siku moja. Alitoa kalamu, akaikata sentensi ile kwa mstari mmoja ulionyooka.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi kuisimulia. Mwalimu mmoja mstaafu, bibi aliyeishi peke yake ghorofani, alipiga simu ya dharura mchana, moyo ukimbana. Kampuni ya simu ilithibitisha kwamba simu ilipokelewa na mazungumzo yakaendelea kwa muda. Gari la wagonjwa halikufika. Jirani alimkuta bibi jioni, mkono wa simu kifuani. Aliyeipokea simu ile ni mfanyakazi aliyeitwa Kasuku na kila mtu, na yeye alisema alimwita dereva kwa redio mara tatu, na dereva akajibu yuko njiani. Dereva naye aliapa kwamba redio ilikuwa kimya mchana wote, na yeye alikuwa uani akiosha gari. Neno la huyu dhidi ya neno la yule. Sauti ya simu ingemaliza ubishi, maana mtambo hurekodi kila kinachosikika mezani, lakini sauti haikuwepo. Kasuku alikuwa mahabusu, na kabla wiki hii haijaisha angesomewa mashtaka ya kusababisha kifo kwa uzembe.

"Sasa nieleze habari za nakala," alisema Inspekta, akivuta kigoda akakikalia. "Nieleze kama unavyomweleza mama yako."

"Mama yangu angekuwa ameshasinzia."

"Mimi nitajikaza."

Fundi alicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hajazoea kuwa na wa kucheka naye. Alimwonyesha diski nyeusi yenye ukubwa wa kitabu cha sala. Kila siku baada ya kazi, alieleza, mtambo unachukua vitu kutoka kwenye seva na kuvinakili humu, na yeye anaondoka na diski nyumbani. Seva ikifa, anairudisha diski na kuvimimina vile vile kwenye seva mpya. Tatizo ni kwamba seva ilikuwa kubwa na diski ni ndogo. Kila kitu hakiingii.

"Kwa hiyo lazima kuchagua."

"Lazima. Tulifanya kikao. Mimi, Meneja, Mhasibu na Msimamizi wa zamu. Nikawa nazisoma folda moja moja, na kila mwenye folda anaitetea. Mhasibu akasema mishahara isipoingia tusimtafute mwisho wa mwezi. Msimamizi akapigania faili za magari na sauti za simu. Meneja akapigania picha."

"Picha za nini?"

"Za sherehe, afande. Ufunguzi wa jengo. Wageni. Yeye akikata utepe, yeye akishikana mikono na watu. Ni nzito kuliko sauti zote za miezi sita." Fundi aliinamisha macho. "Zikaingia."

"Zilizobaki nje?"

"Takataka. Programu ambazo naweza kuziweka upya, faili za muda, majaribio. Vitu visivyo na mwenyewe. Nikizisoma watu wanaangalia simu zao, basi naziruka."

"Na sauti za simu zilizoingia, zimerudi zote?"

"Zote. Nimezihesabu mwenyewe. Ila hiyo moja."

Inspekta alimtazama. Fundi alikuwa ameanza kuufuta uso wa diski kwa shati lake, na ulikuwa safi tangu mwanzo.

Ofisi ya Meneja ilikuwa na zulia, na ukutani kulikuwa na baadhi ya zile picha. Meneja alikuwa mtu wa maneno mengi na tai fupi. Alimkaribisha Inspekta kama mgeni rasmi, akamvika kilemba cha ukoka kuhusu sifa zake alizozisikia, kisha akaingia kwenye jambo lake.

"Mfumo wetu haupotezi kitu, mama. Watu ndio wanaopoteza. Yule kijana aliifuta ile sauti, na inaniuma kusema hivyo, kwa sababu alikuwa mfano hapa ndani."

"Mfano kwa vipi?"

"Kwa ufupi wa simu. Hii ni namba ya dharura, si baraza la kupigia soga. Mtu akipiga na hana dharura, kanuni inasema umuage upesi, ukate. Wengine wanashindwa. Wazee wanapiga hapa, unaamini? Wanapiga kuuliza kama mvua itanyesha. Vijana wanaona haya kukata, ripoti inaharibika. Kasuku ripoti yake ilikuwa safi kila mwezi. Nilikuwa nawaambia wenzake wamwige."

"Kumbe. Na jina la Kasuku?"

"Hurudia kila anachoambiwa. Ndivyo kanuni ilivyo, mpigaji akitaja mahali urudie. Wenzake hurudia mara moja. Yeye atarudia mpaka wewe mwenyewe uchoke."

"Mtu anayefuata kanuni kiasi hicho," alisema Inspekta, "akaacha kumwita dereva."

Meneja alifungua mikono kama mtu aliyeonyesha kwamba hana kitu. Inspekta alimshukuru, akatoka, akaomba chumba na vipokea sauti vya masikioni.

Walimpa stoo yenye meza na viti vibovu vilivyopangwa ukutani miguu juu. Fundi alimwekea sauti zote za zamu ya mchana za wiki kadhaa zilizotangulia kifo cha bibi, akaondoka. Inspekta alifungua mkate aliokuja nao, akaula peke yake akisikiliza. Alikuwa amezoea kula akiwa na sauti za watu asiowajua; kazi hii ilikuwa imemfundisha hivyo, na nyumbani tangu binti yake ahame kulikuwa na redio tu.

Alisikia moto jikoni. Alisikia mwanamume akilia kwamba mkewe ameshikwa na uchungu, na Kasuku akimwambia kwa upole, "Nyumba ya geti la bluu, nyuma ya shule. Geti la bluu, nyuma ya shule. Kaa naye, gari linatoka." Alisikia mtoto aliyetaka kujua kama wazima moto wana mbwa. Simu za Kasuku zilikuwa fupi kweli, lakini hazikuwa za haraka. Palipohitajika neno moja la ziada, alilitoa.

Alisikiliza siku ya kifo cha bibi mara mbili. Asubuhi nzima ilijaa. Baada ya chakula cha mchana, kimya. Wenzake Kasuku wanapokea simu moja baada ya nyingine, na meza yake haina kitu mpaka alasiri. Hapo ndipo mpelelezi aliyemtangulia Inspekta alipoishia: pengo, kwa hiyo amefuta.

Inspekta hakuishia hapo. Alifungua siku iliyotangulia. Asubuhi imejaa, baada ya chakula kimya. Akafungua siku nyingine, na nyingine, akaruka wiki nzima nyuma, akaruka mwezi. Kila siku ya kazi, saa ile ile, meza ya Kasuku ilikuwa inakufa na baadaye inafufuka. Aliviweka vipokea sauti mezani. Mtu anayefuta ushahidi hawezi kuufuta mwezi mzima kabla ya kosa. Na mtu anayelala kazini Msimamizi angeshamwona, maana alikuwa akipita nyuma ya viti siku nzima kama mkaguzi wa mitihani. Kasuku alikuwa anazungumza na watu saa zile. Sauti zilikuwa zinaingia mahali, ila si mahali hapa.

Alimkuta Fundi amekaa sakafuni, akila wali baridi kutoka kwenye kopo, mgongo umeegemea seva mpya ili apate joto lake.

"Majaribio ni nini?" aliuliza Inspekta.

Kijiko kilisimama njiani.

"Ulisema mliacha nje majaribio. Jaribio la nini?"

"La laini, afande. Nikitaka kujua kama laini ni nzima napiga simu ya majaribio. Namba ninazotumia zimewekwa alama kwenye mtambo wa simu, sauti zake zinaingia kwenye folda yake. Hazihesabiwi kwenye ripoti. Hakuna anayezisikiliza."

"Na mtambo wa simu haukuingia maji."

"Uko ukutani kule ukumbini. Ni mzima."

"Namba ngapi zina alama ya majaribio?"

Fundi aliweka kopo chini.

"Mwanzo zilikuwa mbili. Zote zangu."

"Mwanzo."

"Ni Kasuku aliniomba," alisema, na ilionekana kwamba maneno yalikuwa yamemkaa rohoni muda mrefu. "Kulikuwa na huyo bibi. Kila siku baada ya kula anapiga, hana shida, anataka tu kuongea. Alikuwa mwalimu, amezoea kelele za watoto, sasa nyumba kimya. Wenzake walikuwa wanamkatia. Kasuku akashindwa. Akaja hapa akaniambia, ndugu yangu, hii namba iweke alama ya majaribio, iwe inakuja kwangu tu, isionekane kwenye ripoti. Nikamwekea. Kisha akaja na namba nyingine. Watu wa namna hiyo hiyo, wako peke yao. Wanaongea kidogo, basi, wanashinda vizuri."

"Kwa hiyo siku bibi alipopiga ana shida ya kweli..."

"Iliingia Majaribio." Fundi alijifuta pua kwa kiganja. "Na Majaribio sikuiweka kwenye nakala. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma zile folda kwenye kikao. Nilijua humo ndani mna watu. Lakini ningeitetea vipi mbele ya Meneja? Angesema ifungueni tusikie. Nikaipita haraka. Nilijiambia, seva haiwezi kufa."

Inspekta hakumlaumu wala hakumpoza.

"Kwa nini hukusema alipokamatwa?"

"Nilimfuata mahabusu nimwambie naenda kusema. Akanikataza. Aliniambia nikisema, haniiti tena ndugu."

Mahabusu ilikuwa na benchi moja na dirisha la juu lisilofikika. Kasuku alikuwa mtu mzima kuliko Inspekta alivyomdhania kwa sauti, nywele zimeanza kuingia mvi kando ya masikio. Alisimama kumpisha akae.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, nitasimama mimi, miguu imeganda." Aliegemea ukuta. "Nimeijua habari ya Majaribio."

Kasuku alikaa. Alitazama mikono yake.

"Fundi kasema?"

"Pengo lilisema kwanza. Kila siku, baada ya chakula. Kwa nini hukumweleza mpelelezi wa kwanza?"

"Ningemweleza nini? Sauti imeshakufa. Ningemwambia ilikuwa kwenye folda fulani na folda haipo, angecheka. Nisingejisaidia, na wale wengine ningewaangamiza. Meneja akijua, jambo la kwanza ni kufuta zile alama. Wakipiga watakatiwa. Wako watu pale, mama, siku nzima hawajafungua mdomo mpaka wanapopiga kwangu. Yuko mmoja anaanza kwa kukohoa kwanza, kwa sababu sauti imelala."

"Bibi alisema nini siku ile?"

"Alisema, mwanangu, leo sijapiga kupiga soga." Kasuku aliinua macho dirishani. "Alinitajia alipo kana kwamba sipajui. Nikarudia. Nikamwita dereva, akasema anakuja. Gari la pili lilikuwa mbali, nisingeweza kulitegemea. Nikamwita tena. Nikamwita tena. Bibi nikawa namwongelesha, mpaka akawa hajibu."

"Kuna aliyekusikia ukimwita dereva?"

"Meza yangu iko kona. Wenzangu wameziba masikio na simu zao."

"Hakuna mtu yeyote?"

Alichelewa kujibu. Haukuwa uchelewaji mrefu, lakini Inspekta alikuwa amekaa mbele ya watu wa kila aina miaka mingi, na alijua mtu anayekumbuka na mtu anayeamua.

"Hakuna," alisema Kasuku.

"Utafungwa, mwanangu."

"Mimi nitafungwa kisha nitatoka. Hao ukiwafungia simu, watatokea wapi?"

Siku iliyofuata Inspekta alirudi kituo cha simu baada ya chakula cha mchana na akaomba kukaa kwenye meza ya Kasuku. Alimwambia Meneja anataka kuona kama redio ya mezani inasikika mpaka meza za jirani, jambo ambalo lilikuwa kweli lakini halikuwa lote. Meneja aliridhia kwa shingo upande.

Kona ile ilikuwa na dirisha linalotazama ukuta wa jengo la pili. Mezani kulikuwa na vipokea sauti vya masikioni kwa laini ya kwanza, simu ya kawaida yenye mkono kwa laini ya pili, na redio ya mawasiliano, kisanduku chenye spika mbele, karibu kabisa na simu. Inspekta aliiwasha redio na kumwomba Msimamizi aiite kutoka uani. Sauti ilitoka wazi pale mezani. Meza ya jirani, mwenye meza alitikisa kichwa: hakusikia kitu.

Basi akakaa. Wenzake Kasuku walizungumza na mji mzima, kila mmoja ndani ya vipokea sauti vyake, hakuna aliyezungumza na mwenzake. Binti wa meza ya pili alimwinamia kati ya simu mbili.

"Hizo za hapo kwa Kasuku, mama, usijisumbue. Zikilia bila kupokelewa zinarukia kwetu. Tukisema haloo, wakisikia si yeye, wanakata wenyewe."

"Hawasemi neno?"

"Hawasemi."

Alikaa mpaka kiti kikamwumiza kiuno. Kisha simu yenye mkono ikalia. Inspekta aliiacha ilie mara mbili, akainua.

"Dharura. Nikusaidie nini?"

Kimya. Kisha kikohozi, kikavu, cha koo lililokuwa halijatumika.

"Mzee, usikate," alisema upesi. "Nimekaa kwenye meza ya Kasuku. Mimi ni askari. Kasuku yuko mahabusu, na mimi natafuta jinsi ya kumtoa."

Upande wa pili mtu alipumua muda mrefu.

"Mahabusu," ilisema sauti ya mzee. "Nilidhani amehamishwa. Nilidhani ameona namsumbua."

"Hukumsumbua."

"Kafanya nini?"

"Wanasema hakumpelekea gari mgonjwa mmoja. Bibi aliyekuwa mwalimu."

"Lakini alimpelekea," alisema mzee, kwa mshangao wa kawaida kabisa, kama aliyeambiwa leo si leo. "Nilikuwepo."

Inspekta aliisogeza kalamu karatasini pasipo kutoa sauti.

"Ulikuwepo wapi, mzee?"

"Hapa hapa, kwenye simu. Tulikuwa tunaongea, ikalia ile simu yake ya masikioni. Akaniambia nisubiri. Wengine mtu akisubiri wanamwekea muziki, yeye hajawahi kuniwekea. Mimi nilimwomba. Nilimwambia, ukiitwa niache wazi tu juu ya meza, nisikie sauti za watu. Ndivyo anavyofanya siku zote. Basi nikasikia. Akarudia jina la mtaa, akarudia ghorofa. Kisha akamwita dereva."

"Dereva alijibu?"

"Alijibu. Sauti yake ilikuja kubwa kuliko ya Kasuku. Alisema, nimekupata, natoka. Baadaye kidogo Kasuku akamwita tena, akasema niko njiani. Mara ya tatu akajibu kwa ukali, niko njiani, acha haraka. Lakini nyuma yake palikuwa na mpira."

"Mpira?"

"Mtangazaji wa mpira. Na watu wengi, wakashangilia bao. Nikajisemea, gari gani hilo lina watu wote hao." Alikohoa. "Yule mama alifika hospitali?"

Inspekta angeweza kuzunguka. Hakuzunguka.

"Hakufika, mzee. Gari halikwenda."

Inspekta alisikia saa ya ukutani ya nyumba ile, na bomba likidondosha tone mahali fulani, na hakuna sauti nyingine yoyote. Mechi ya siku ile ilijulikana, na bao lilifungwa dakika inayojulikana. Baa za karibu na uani zilikuwa chache. Dereva alikuwa amekalia kuti kavu na hajui. Ndipo jambo jingine likamjia. Aliufunika mkono wa simu kwa kiganja, akampungia binti wa meza ya pili amwite Fundi mbio.

Fundi alifika akihema.

"Hii simu ninayoongea sasa," Inspekta alimnong'oneza, "inaingia folda gani?"

Fundi aliutazama mtambo ukutani. Uso ulimbadilika.

"Majaribio."

"Iingize kwenye nakala. Sasa hivi."

"Diski imejaa, afande. Lazima nitoe kitu."

"Toa."

"Kikao hakijakaa. Nitoe nini?"

"Wewe ndiye unayezijua folda. Kikao ni wewe."

Fundi alisimama kidogo, kisha akaondoka, na safari hii alitembea kama mtu aliyeamua. Inspekta aliurudisha mkono wa simu sikioni.

"Mzee, upo?"

"Nipo. Nilidhani umekata."

"Sijakata. Nataka uliyoniambia niyaandike yawe ushahidi. Nitakuja kwako nikusomee, utie sahihi. Uko tayari?"

"Na Kasuku atatoka?"

"Kwa haya, na nikishampata aliyemuuzia dereva soda siku ile, atatoka."

"Atarudi hapo mezani?"

"Hilo sitakudanganya. Sijui."

"Na Meneja wao atajua kwamba tulikuwa tunapiga kuongea tu."

"Itabidi ajue. Ndani ya ushahidi itabidi nieleze ulisikiaje."

"Basi hii namba wataifunga."

Inspekta alitazama ukuta wa jengo la pili. Alitamani awe na jibu jingine.

"Huenda wakaifunga, mzee."

Mzee alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshaamka kabisa.

"Andika," alisema. "Una karatasi ya kutosha?"

"Ninayo."

"Nitaanza upya, toka niliponyanyua simu. Usinikimbize."

"Sina haraka, mzee."

Akaanza upya: alivyokula siku ile, alivyovuta kiti karibu na dirisha, alivyosubiri kidogo asije akaonekana ana pupa ya kupiga. Alisimulia polepole kuliko ilivyohitajika, akirudi nyuma kurekebisha vitu ambavyo havikuwa na makosa, na Inspekta akaandika kila neno.